Maswali ya Wasomaji: Moyo uliopigwa na mshtuko, na hatari za siku za mwanzo

Toleo lililopita tulieleza takotsubo, ugonjwa wa misuli ya moyo unaoletwa na mshtuko, ambao madaktari wa Japani waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1990. Kwa ambaye hakusoma: mtu hupata msiba, ugomvi mkubwa, upasuaji, shambulio la pumu au maambukizi makali, adrenalini na ndugu zake zinafurika mwilini, na sehemu ya chemba ya kushoto ya moyo, mara nyingi upande wa ncha, inapigwa ganzi na kuacha kusukuma. Dalili ni zile zile za mshipa wa moyo kuziba: kifua kubana, pumzi kukata, jasho, kuzimia. Wagonjwa wengi ni wanawake waliokwisha koma hedhi. Tuliandika pia kwamba moyo huo kwa kawaida hupona wenyewe, na sentensi hiyo ndiyo imetuletea barua nyingi. Wapo walioisoma kana kwamba tumesema hakuna hatari.

Shikamooni. Mama yangu ana miaka 67. Alibanwa kifua siku tunamzika kaka yake, huku Kibosho. Hospitalini Moshi walisema ECG (kipimo cha umeme wa moyo) si nzuri, troponini (kipimo cha damu cha msuli wa moyo kuumia) imepanda kiasi, na eko (ultrasaundi ya moyo) ikaonyesha ncha ya moyo haichezi, EF 30%. Wanashuku takotsubo, ila picha ya mishipa ya moyo bado. Leo ni siku ya tatu, maumivu yameisha kabisa. Wajomba wanasema ni mshtuko tu, atoke aje amalizie matanga na wenzake. Tumtoe?

Marahaba, binti. Msimtoe.

Maumivu huisha ndani ya saa chache au siku moja mbili. Msuli wenyewe huchukua wiki kadhaa kurudi kazini. EF ni kiasi cha damu ambacho chemba ya kushoto inasukuma nje kwa kila pigo, na moyo mzima husukuma 55% au zaidi. Mama mwenye 30% ana pampu inayofanya karibu nusu ya kazi yake, hata kama amekaa kitandani anakunywa uji na kuwasalimia wageni.

Kubwa zaidi, bado hamjajua kwa hakika kwamba ni takotsubo. Msiba hauzuii mshipa kuziba, tena huzuni kali yenyewe inaweza kuuzibisha. ECG haiwezi kutenganisha magonjwa haya mawili kwa uhakika, na eko pekee haitoshi. Kinachotenganisha ni picha ya mishipa kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni), kama inayofanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mpaka picha hiyo ipatikane, mama anatibiwa kama mwenye mshipa ulioziba, na ndivyo inavyopaswa. Daktari anayesema "huyu ni wa majonzi tu" kwa sababu amesikia habari za mazishi anacheza kamari na maisha ya mtu.

Tuchukulie sasa kwamba ni takotsubo kweli. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 1,750 kutoka hospitali za Ulaya na Marekani. Karibu mgonjwa 1 kati ya 10 aliangukiwa na presha kwa sababu moyo umeshindwa kusukuma, na wapatao 4 kati ya 100 walifariki wakiwa hospitalini. Idadi hiyo inakaribiana na ya walioziba mishipa. "Mshtuko tu" haliui watu kwa kiwango hicho.

Kinachotokea mara nyingi zaidi ni maji kujaa kwenye mapafu. Mtamwona mama hawezi kulala chali, anaomba mto wa pili, wa tatu, mwishowe analala ameketi. Anakohoa usiku na oksijeni inashuka chini ya 92%. Hilo hutibika kwa oksijeni na furosemaidi (dawa ya kutoa maji kwa njia ya mkojo) mshipani likiwahiwa, ndiyo maana awe mahali ambapo mtu anamwona saa nane za usiku. Valvu ya mitrali, mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, nayo inaweza kuvuja kwa muda kwa sababu umbo la chemba limebadilika, na maji ya mapafuni yanaongezeka. Mapigo yanaweza kuvurugika. Damu inaweza kuganda ndani ya ile ncha isiyocheza. Ukuta wa moyo kupasuka hutokea pia, ila ni nadra sana, chini ya mgonjwa 1 kwa 100, na huwapata zaidi akina mama wa umri mkubwa.

Miongozo ya wataalamu wa moyo wa Ulaya inataka mgonjwa wa hatari kubwa akae kwenye mashine ya kufuatilia mapigo kwa saa 72 angalau. EF iliyo chini ya 35% peke yake inamwingiza kwenye kundi hilo. Vivyo hivyo umri wa miaka 75 na kuendelea, namba ya juu ya presha kuwa chini ya 110, mapafu kujaa maji, au kuzimia bila sababu nyingine. Mama yenu anayo moja tayari. Ombeni eko irudiwe kabla ya ruhusa, na msiondoke bila majibu ya mambo mawili: je, kuna bonge la damu kwenye ncha? Na je, njia ya damu kutoka kwenye moyo imebanwa? Majibu yawe kwenye karatasi. Wajomba mwaambieni matanga yana watu wa kutosha.

Mimi ni tabibu katika hospitali moja ya Arusha. Tulipokea mama wa miaka 58 mwenye shambulio kali la pumu. Pumu ilitulia, kisha presha ikashuka hadi 80/50, ECG ikabadilika. Tukasema moyo umechoka, tukaanzisha dobutamini. Presha ikashuka zaidi. Tulipozidisha dozi, ikawa mbaya mno. Alipelekwa rufaa na akapona, lakini sijaelewa kwa nini dawa ya kuusaidia moyo ilitaka kumuua.

Swali lako ni zito kuliko yote tuliyopokea, na halina budi kujibiwa kwa kirefu, kwa sababu wengi wangefanya kama ninyi.

Katika takotsubo ya kawaida, ncha ya moyo imelala lakini sehemu ya juu, karibu na mlango wa kutokea damu, inapiga kwa nguvu kupita kiasi. Sehemu hiyo ikijikaza sana, ukuta unaotenganisha chemba mbili unausogelea mlango, damu inapita kwa kasi, na jani la valvu ya mitrali linavutwa kwenda kuuziba. Ni sawa na kubana mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani: kadiri unavyofungua bomba, ndivyo unavyoona kasi tu mdomoni huku maji yanayofika kwenye mboga ni kidogo. Dobutamini inaongeza nguvu ya ile sehemu ambayo tayari inapiga kupita kiasi, na mlango unafungika zaidi. Hali hii hutokea kwa mgonjwa 1 hadi 2 kati ya kila 10 wa takotsubo, kwa hiyo si jambo la vitabuni tu.

Dawa nyingine za kawaida zina hatari hiyo hiyo kwa sababu tofauti. Furosemaidi na dawa za naitreti, ikiwemo kidonge cha chini ya ulimi, hupunguza damu inayojaza chemba; chemba ikiwa tupu kuta zinakaribiana na mlango unabanwa. Kwa hiyo mgonjwa mwenye kizuizi ambaye presha yake imeshuka, ukimpa naitreti kwa maumivu, dobutamini kwa presha na furosemaidi (Lasix) kwa pumzi, umemsukuma mara tatu kwenda upande mmoja.

Unamtambuaje? Chukua stethoskopu kabla ya bomba la sindano. Mngurumo mpya wakati moyo unajikaza, unaosikika ukingoni mwa mfupa wa kifua upande wa kushoto, kwa mgonjwa ambaye presha yake iko chini, ni kengele. Eko ndiyo hutoa uamuzi: tofauti ya shinikizo mlangoni ikizidi milimita 25 za zebaki kizuizi kipo, na ikifika 40 mgonjwa yuko kwenye hatari kubwa. Mashine ndogo ya ultrasaundi mnayopimia wajawazito haitakupa namba hiyo bila dopla na mtu aliyeizoea, lakini itakuonyesha ncha iliyovimba na sehemu ya juu inayopiga kwa hasira. Hata hilo linatosha kukufanya usite.

Kizuizi kikiwepo, simamisha dobutamini na adrenalini ya dripu, acha naitreti, na usimpe furosemaidi kwa mazoea. Mapafu yakiwa makavu, mpe maji ya saline mililita 250 kwa dakika 15 hadi 20, kisha pima presha na usikilize mapafu upya kabla ya kuongeza. Mwinue miguu. Hatua inayofuata ni ya wodi ya uangalizi maalumu na daktari wa moyo akiwa kwenye simu: beta bloka ya muda mfupi kwa mshipa ili sehemu ya juu itulie, na dawa inayokaza mishipa bila kuuchochea moyo, kama finilefrini. Ndiyo, beta bloka kwa mtu mwenye presha ya 80. Inashangaza, lakini mlango ukifunguka presha hupanda.

Mgonjwa wenu alikuwa na pumu, na hapo ndipo uamuzi unakuwa mgumu, kwa kuwa beta bloka inaweza kubana njia za hewa. Kwa mtu kama huyo huanzwa na maji na dawa ya kukaza mishipa. Beta bloka ikilazimu, iwe ile inayolenga moyo zaidi na inayokwisha haraka ikisimamishwa, na mashine ya kupumulia iwe karibu.

Sasa usije ukatoka hapa ukiogopa dobutamini kwa kila mtu. Kama eko inaonyesha hakuna kizuizi na moyo unashindwa tu, mgonjwa anahitaji msaada wa presha, ingawa hata hapo wataalamu wengi hujaribu kukwepa dawa za jamii ya adrenalini, maana adrenalini ndiyo iliyoleta balaa. Wala usimnyime mgonjwa wa pumu salbutamoli, au mwenye mzio mkali sindano yake ya adrenalini kwenye paja, kwa hofu ya takotsubo. Pumu na mzio huua kwa dakika.

Nyongeza moja kwa walio zamu. Mgonjwa wa takotsubo aliyefika na kichwa kinachouma ghafla kuliko maisha yake yote, au shingo ngumu, apigwe CT ya kichwa kabla ya heparini (sindano ya kuzuia damu kuganda). Damu kuvuja kwenye ubongo ni mojawapo ya vitu vinavyoanzisha ugonjwa huu, na heparini juu yake ni janga.

Mke wangu alipatwa na takotsubo, na siku ya sita mkono wa kulia ukalegea na mdomo ukapinda kwa muda wa saa moja. Eko ilikuta bonge la damu ndani ya moyo. Amepewa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Ataimeza mpaka lini, na chakula gani asile? Sisi tuko Marangu.

Pole, mzee. Damu isiyosogea huganda, na ncha ya moyo isiyocheza ni mahali pazuri pa kugandia. Mabonge haya huonekana kwa wagonjwa wachache, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, ndiyo maana eko ya siku ya kwanza inaweza kuwa safi na ya siku ya tano ikawa na bonge. Kipande kikichomoka kikaenda kichwani ni kiharusi. Kikienda mguuni, mguu unapauka, unakuwa wa baridi na kuuma ghafla. Hilo la pili nalo ni la kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa kawaida warfarini hutumika miezi 3, na haisimamishwi kwa kalenda peke yake. Inasimamishwa eko ikionyesha bonge limeondoka na msuli umerudi kupiga. Kwa kuwa dalili za kiharusi zilishatokea, daktari anaweza kuamua aendelee zaidi.

Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kiwe kati ya 2 na 3. Mwanzoni hupimwa kila baada ya siku chache, kikitulia kila wiki, hatimaye kila mwezi. Mchicha, mnafu na kabichi hazikatazwi. Kinachoharibu ni kula mnafu kila siku wiki hii na wiki ijayo kutoonja kabisa, kwa kuwa vitamini K ya kwenye majani hupunguza nguvu ya dawa. Ale kiasi kile kile wiki zote. Mbege inywewe kwa kiasi kidogo sana au iachwe. Pombe nyingi huvuruga INR na kumfanya aanguke. Diklofenaki na aspirini za dukani zisiguswe isipokuwa daktari kaandika. Flagyl, septrini na flukonazoli hupandisha INR kwa nguvu, hivyo akiandikiwa mojawapo aseme yuko kwenye warfarini na INR irudiwe ndani ya siku 3 hadi 5. Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, fizi zisizoacha kutoka damu, au kuangusha kichwa hata bila jeraha, ni safari ya hospitali usiku huo huo. Dozi ikisahaulika, anywe akikumbuka siku hiyo hiyo. Kesho yake asimeze mbili.

Nina duka la dawa muhimu Usa River. Mteja wangu ametoka hospitali na karatasi iliyoandikwa "takotsubo, QTc 510". Nisimuuzie nini?

Laiti wauzaji wote wangeuliza hivi. QTc ni muda ambao moyo unachukua kujiandaa kiumeme kwa pigo linalofuata. Kwa mwanamke, ikizidi milisekunde 460 ni ndefu. Ikizidi 500 moyo unaweza kuingia kwenye mapigo ya kasi yasiyosukuma damu, mgonjwa akazimia au kufa. Katika takotsubo QT hurefuka zaidi siku ya 2 hadi ya 4, kisha hupungua taratibu, lakini ECG inaweza kubaki si ya kawaida kwa wiki au miezi baada ya msuli kupona. Kwa hiyo karatasi hiyo ina kazi muda mrefu kuliko mgonjwa anavyodhani.

Zinazorefusha QT na ambazo watu huziulizia kila siku ni azithromaisini, erithromaisini, siprofloksasini na levofloksasini, flukonazoli, domperidoni na ondansetroni za kuzuia kutapika, amitriptilini, haloperidoli na kwinini. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini hazirefushi QT kihivyo, lakini ni ndugu wa adrenalini, nazo muache. Parasetamoli na amoksilini hazina tatizo hili.

Malaria ndiyo yenye mtego. Dawa ya mseto, artemetha na lumefantrini, imeandikwa kwenye maelezo yake isitumiwe kwa mwenye QT ndefu. Lakini malaria isiyotibiwa nayo inaua. Akija na homa, mpime kwa kipimo cha haraka kama unacho kibali. Ikiwa chanya, usimuuzie wala usimwache arudi nyumbani bila tiba. Mwandikie na mpeleke hospitali yenye ECG, watachagua dawa na kumfuatilia.

Kuharisha na kutapika humwondolea potasiamu na magnesi, na madini hayo yakishuka QT inapanda. Anayemeza furosemaidi anayapoteza pia kwenye mkojo. ORS mpe, lakini akiharisha zaidi ya siku moja apimwe potasiamu. Hospitali hulenga isishuke chini ya 4. Na kwa wahudumu wa afya wanaosoma safu hii: mapigo hayo ya QT yakitokea, dawa yake ni magnesi salfeti gramu 2 kwa mshipa, ile ile mliyonayo wodi ya wazazi kwa kifafa cha mimba. Anayepoteza fahamu bila mapigo anahitaji kukandamizwa kifua na mashine ya kushtua moyo kwanza.

Mimi ni mwanaume wa miaka 52, mpagazi wa Kilimanjaro. Nilipatwa na hali hii baada ya nimonia kali. Je, itarudi? Nirudi mlimani lini?

Wanaume wanaopatwa ni wachache, karibu 1 kati ya 10, lakini huugua vibaya zaidi, hasa chanzo kikiwa ugonjwa wa mwili kama wako. Kurudi hutokea kwa takriban wagonjwa 2 kati ya 100 kwa mwaka. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuzuia hilo. Beta bloka huandikwa sana, na wapo waliorudiwa wakiwa wanazimeza. Zisiachwe ghafla lakini.

Eko ya wiki ya 4 hadi 6 ndiyo itakayoamua. EF ikirudi 55% na ECG imetulia, anza na kutembea kwenye njia za kawaida, na kwa mpagazi tungetaka pia kipimo cha moyo ukiwa kwenye mazoezi kabla ya kubeba kilo 20. EF isiporudi kufikia miezi 3, ugonjwa huenda si takotsubo, na uchunguzi uanze upya. Ukipatwa mara ya pili, hasa kama una vipindi vya presha kupanda ghafla, jasho na kichwa kuuma, omba upimwe uvimbe wa tezi inayotengeneza adrenalini, iliyo juu ya figo.

Dada yetu amelazwa, siku ya pili, EF 35%. Jana mtoto wa mama mkubwa amefariki Rombo, na walikuwa kama pacha. Tumwambie au tumfiche?

Poleni sana. Msimdanganye, kwa sababu hamtaweza; wageni wa saa za kutazama wagonjwa wataingia na nguo nyeusi, na simu yake ina makundi matatu ya ukoo. Lakini msimwambie leo kwa papara. Zungumzeni kwanza na daktari wa wodi, mchague saa ya mchana akiwa bado kwenye mashine ya mapigo, presha imetulia, na muuguzi anajua kinachoendelea. Aambiwe na mtu mmoja anayemwamini, ameketi, kwa maneno ya wazi. Mpaka hapo simu yake ishikwe na mtu wa familia kwa ridhaa yake, na mlangoni asimame mmoja wenu wa kuwakumbusha wageni. Siku ya kumsafirisha kwenda kwenye eko au rufaa isiwe siku ya habari hiyo. Na kuhusu kwenda kuzika Rombo akiwa na EF hiyo, jibu ni hapana.